Sura ya Sita: Pishi Moja, Nafaka Mbalimbali

Mwaka 1958 msichana wa Kitaliano aitwaye Sofia Corradi alirudi Roma kutoka New York. Alikuwa amepata ufadhili wa Fulbright, akasoma sheria linganishi katika Chuo Kikuu cha Columbia na kutunukiwa shahada ya uzamili. Kwao Roma, katika Chuo Kikuu cha Sapienza, bado alidaiwa mitihani kadhaa ili amalize shahada yake ya sheria. Akaenda kuomba masomo ya Columbia yahesabiwe. Ofisa aliyempokea alimkatalia, tena akamkemea mbele ya watu, kana kwamba mwaka mzima alikuwa akitalii badala ya kusoma.

Corradi hakuisahau fedheha ile. Mwaka 1969, akiwa mshauri wa umoja wa wakuu wa vyuo vikuu vya Italia, alianza kusambaza waraka wenye pendekezo jepesi: mwanafunzi aruhusiwe kusoma sehemu ya shahada yake katika nchi nyingine, na akirudi masomo yale yahesabiwe. Alibisha hodi kwa wakuu wa vyuo, kwa wanasiasa na kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza. Ilipita miaka 18 kabla Ulaya haijafanya alichokiomba, na Waitaliano wakampa jina la Mamma Erasmus, kwa jina la mpango uliotokana na ombi hilo.

Sura hii inaeleza wazo hilo lilivyopita katikati ya mataifa ambayo hayakutaka kabisa kuunganisha shule zao. Msomaji wa pwani ataielewa upesi akikumbuka kibaba na pishi. Kabla ya kilo kutawala soko, mchele, mtama na kunde vilipimwa kwa vyombo hivyo, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Wanunuzi hawakulazimika kula chakula cha aina moja. Walihitaji kukubaliana ukubwa wa chombo. Ulaya ilitumia miongo mitatu na zaidi kugundua kwamba katika elimu nako njia inayopitika ni hiyo: kila mtu abaki na nafaka yake, mkubaliane pishi.

Mkataba usiotaja shule

Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi, zilitia saini Mkataba wa Roma ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Ushuru wa forodha umo, kilimo kimo, usafirishaji umo. Shule hazimo. Ibara ya 128 iligusa mafunzo ya ufundi, na ibara ya 57 ikazungumzia kutambuana vyeti ili mtu aweze kujiajiri katika nchi nyingine. Hesabu ilikuwa ya sokoni: fundi umeme anauza kazi yake, na kazi huvuka mpaka kama bidhaa; mtoto wa darasa la tatu hauzi chochote.

Hawakusahau kwa bahati mbaya. Shuleni ndiko taifa linakojizaa upya: lugha, historia, dini, mashujaa na mahasimu. Ujerumani Magharibi, iliyokwishaonja ubaya wa dola la Hitler lililoshika kila kitu mkononi, iliyaachia majimbo mamlaka ya elimu katika katiba yake ya 1949. Serikali kuu ya Bonn haikuwa na la kuamuru darasani, seuze Brussels, makao ya Jumuiya. Nchini Ubelgiji, ugomvi kati ya wazungumzaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa ulikuwa mkali kiasi kwamba hatimaye elimu ilikabidhiwa kwa jumuiya za lugha, kila moja na wizara yake.

Ndiyo maana mawaziri wa elimu wa Jumuiya hawakukutana rasmi hadi Novemba 1971, na mpango wao wa kwanza wa pamoja ulipitishwa Februari 1976. Upande wa ufundi, ambako mkataba uliruhusu, hatua zilikuwa nyepesi kidogo. Mwaka 1975 kilianzishwa Cedefop, kituo cha kuendeleza mafunzo ya ufundi. Kiliwekwa Berlin Magharibi, na miaka 20 baadaye kikahamia Thessaloniki, Ugiriki.

Mchora katuni mahakamani

Aliyekuja kuufungua mlango hakuwa waziri wala mkuu wa chuo. Françoise Gravier, raia wa Ufaransa, alikwenda mji wa Liège nchini Ubelgiji kusomea uchoraji wa hadithi za katuni katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Ubelgiji ni nchi ya Tintin, shujaa wa katuni, kwa hiyo hakupotea njia. Lakini alidaiwa ada maalumu ya wanafunzi wa kigeni, faranga 24,622 za Ubelgiji kwa mwaka, ambayo Mbelgiji aliyekaa naye darasani hakudaiwa. Akaenda mahakamani, na kesi ikafikishwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg.

Tarehe 13 Februari 1985 majaji walitamka mambo mawili. La kwanza, elimu yoyote inayomwandaa mtu kwa taaluma, kazi au ajira fulani ni mafunzo ya ufundi. La pili, kumtoza raia wa nchi mwanachama ada ambayo mwenyeji hatozwi ni kumbagua kwa utaifa wake, na mkataba unakataza. Mahakama haikuongeza neno hata moja katika Mkataba wa Roma. Ilichukua neno lililokuwamo tayari, mafunzo ya ufundi, ikalipanua hadi likaingiza ndani chuo cha sanaa, na baadaye kozi nyingi za vyuo vikuu.

Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Jumuiya, haikuiacha fursa hiyo ipite. Tangu 1976 ilikuwa ikitoa ruzuku ndogo kwa vyuo vilivyobadilishana wanafunzi. Sasa ikaleta mpango mkubwa. Baadhi ya serikali zilisita kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya mamlaka, na zikaupunguza mpango hadi Tume yenyewe, Desemba 1986, ikauondoa mezani kuliko kuukubali ukiwa umekatwa mbawa. Wakuu wa vyuo na vyama vya wanafunzi wakapaza sauti. Tarehe 15 Juni 1987 Baraza la Mawaziri likaupitisha.

Ukapewa jina la Erasmus, mwanazuoni wa Rotterdam aliyefariki Basel mwaka 1536, baada ya maisha ya kuhama kati ya Paris, Leuven, Cambridge na Turin bila kuulizwa cheti chake kinatambuliwa wapi. Katika mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo waliopitia mpango huo na ile uliyoizaa wamezidi milioni 15, wakiwamo wanafunzi wa ufundi, walimu na wafanyakazi wa vijana.

Marufuku kulazimisha

Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari 1992 na kuunda Umoja wa Ulaya, ulikuwa wa kwanza kuitaja elimu kwa jina lake. Mkono mmoja ulitoa na mwingine ukazuia. Umoja wa Ulaya uliruhusiwa kuchangia ubora wa elimu, kuhamasisha ushirikiano na kufadhili safari za wanafunzi na walimu. Papo hapo ukakatazwa kuwianisha sheria na kanuni za nchi wanachama katika eneo hilo. Mtaala, lugha ya kufundishia na mpangilio wa shule vikabaki mali ya kila nchi. Masharti hayo yapo hadi leo, katika ibara ya 165 na 166 za mkataba unaotumika sasa.

Kuna mahali sheria inauma. Kwa daktari, muuguzi, mkunga, daktari wa meno, mfamasia, daktari wa mifugo na msanifu majengo, Umoja uliweka viwango vya chini vya mafunzo, na aliyevitimiza anatambuliwa moja kwa moja nchi zote. Mafunzo ya udaktari, kwa mfano, yanatakiwa yafike angalau miaka 5 na saa 5,500. Hizo ni taaluma saba tu. Kwingineko kote, Brussels haina fimbo.

Asiye na fimbo hutafuta kipimo. Mwaka 1989, ndani ya Erasmus, vyuo 145 vilianza kujaribu mfumo wa krediti katika masomo matano: biashara, kemia, historia, uhandisi mitambo na udaktari. Swali lilikuwa lilelile la Corradi: muhula mmoja wa Salamanca una uzito gani ukiupeleka Göttingen? Jibu lilikuwa kuacha kumpima profesa na kupima kazi ya mwanafunzi. Mwaka mzima wa masomo una krediti 60, muhula una 30. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na zote zinahesabiwa: kukaa darasani, kujisomea maktaba, kuingia maabara, kuandika na kufanya mtihani. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea hutia saini makubaliano ya masomo atakayosoma. Akifaulu, anarudi na kibaba chake kimejaa, na hakuna wa kumkemea.

Hatua iliyofuata ndiyo, kwa maoni yangu, yenye akili kuliko zote, ingawa haijulikani sana. Tarehe 11 Aprili 1997, mjini Lisbon, Baraza la Ulaya na UNESCO zilisimamia mkataba wa kutambuana sifa za elimu ya juu. Mkataba huo uligeuza mzigo wa ushahidi. Zamani aliyeleta cheti ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba masomo yake yanafanana na ya mwenyeji. Sasa cheti cha nchi iliyoridhia kinatambuliwa, isipokuwa anayekikataa aonyeshe kwamba kuna tofauti kubwa ya msingi. Sababu za kukataa hutakiwa zitajwe, na mwombaji ana haki ya kukata rufaa. Ofisa wa Sapienza, kama angefanya kazi chini ya kanuni hiyo, angelazimika kueleza kwa nini Columbia haikufaa.

Bologna na kelele zake

Mei 1998, Chuo Kikuu cha Paris kikiadhimisha miaka 800, mawaziri wa Ufaransa, Italia, Ujerumani na Uingereza walikutana Sorbonne na kutoa tamko la kusogeza pamoja muundo wa shahada zao. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Juni 1999, nchi 29 zilikutana Bologna, mji ambao kwa mapokeo chuo kikuu chake kilianza mwaka 1088. Azimio lao halikuwa mkataba wala sheria ya Umoja wa Ulaya. Lilikuwa ahadi ya hiari: ngazi mbili za shahada, krediti zinazolingana, na kushirikiana katika kudhibiti ubora. Ngazi ya tatu, uzamivu, iliongezwa baadaye.

Ahadi hiyo ya hiari ilibadilisha mengi kuliko sheria nyingi zilizowahi kupitishwa. Mjerumani aliyekuwa akisoma miaka mitano au zaidi kupata shahada moja kubwa ya kitaifa, na Mtaliano aliyekuwa akizeekea chuoni akitafuta ile ya kwao, wote waliona shahada zao zikigawanywa mara mbili, kwa kawaida miaka mitatu kisha miwili. Leo utaratibu huo una nchi 49, kuanzia Iceland hadi Kazakhstan, pamoja na Tume ya Ulaya. Urusi na Belarus zilisimamishwa ushiriki mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Kwa nini nchi zilifuata kitu kisicholazimishwa? Kwa sababu kila waziri alikuwa na shughuli yake nyumbani. Mwingine alitaka kufupisha masomo ili kuokoa fedha, mwingine alitaka kuvutia wanafunzi wa kigeni, na mwingine alitafuta kisingizio cha mageuzi ambayo bunge lake lilikuwa limeyakataa. Wote wakasema, "Ni Bologna," na lawama zikaenda Italia.

Wanafunzi hawakudanganyika. Oktoba 2009 waliuteka ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Vienna na kulala humo kwa wiki kadhaa, na mgomo ukaenea Austria na Ujerumani. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Vyuo vingi vilichukua masomo ya miaka mitano vikayasokomeza ndani ya mitatu, mitihani ikawa ya kila muhula, na nafasi ya kusoma nje, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya mageuzi, ikabanwa na ratiba. Machi 2010 mawaziri walikutana Budapest na Vienna kuzindua rasmi eneo la pamoja la elimu ya juu, na waandamanaji wakawangoja barabarani.

Fundi naye ana ngazi

Hadithi ya vyuo vikuu husimuliwa sana kwa sababu wanaoandika vitabu walipita huko. Lakini Wazungu wengi hupata kazi kupitia ufundi. Novemba 2002 mawaziri walikubaliana Copenhagen kufanya kwa mafundi kile ambacho Bologna ilifanya kwa wasomi, na mwaka 2008 ukapitishwa mfumo wa ngazi nane unaopanga sifa zote, kuanzia elimu ya msingi kabisa hadi uzamivu. Mfumo hauulizi umekaa darasani miaka mingapi. Unauliza unajua nini, unaweza kufanya nini, na unaweza kubeba wajibu gani bila kusimamiwa.

Ujerumani ilipopanga vyeti vyake katika ngazi hizo, ilimweka fundi bingwa, yule mwokaji mikate au fundi umeme mwenye leseni ya kufundisha wengine, katika ngazi ya sita. Hiyo ndiyo ngazi ya shahada ya kwanza. Cheti chake hakiitwi shahada, na kazi yake haifanani na ya msomi, lakini uzito umekubalika kuwa sawa. Kwa jamii zetu, ambako mtoto akipelekwa chuo cha ufundi majirani humpa mzazi pole, jambo hilo linastahili kusomwa mara mbili.

Tangu mkutano wa Lisbon wa mwaka 2000, Umoja umetumia pia njia ya kuonyeshana vioo. Nchi zinakubaliana malengo, takwimu zinachapishwa, na kila mmoja anajiona alipo mbele ya wenzake. Hakuna faini, aibu inatosha. Moja ya malengo hayo lilikuwa kupunguza vijana wanaoacha masomo mapema hadi wasizidi asilimia 10 ifikapo 2010. Mwaka huo ulipita bila lengo kufikiwa. Lengo likasogezwa hadi 2020, na wakati huo ndipo likatimia. Ureno ilisafiri mbali zaidi: mwanzoni mwa karne zaidi ya asilimia 40 ya vijana wake waliacha masomo mapema, na kufikia 2020 walikuwa chini ya asilimia 10. Ilirefusha elimu ya lazima hadi umri wa miaka 18, ikafungua mikondo ya ufundi katika shule za sekondari, na ikatumia fedha za mfuko wa jamii wa Ulaya. Kioo kiliwaonyesha Wareno uchafu usoni; kunawa walinawa wenyewe.

Pishi haipimi ladha

Sasa tuweke mizani sawa. Upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, PISA, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya vijana wa miaka 15 katika Umoja wa Ulaya hawafikii kiwango cha chini cha hisabati. Lengo walilojiwekea ni chini ya asilimia 15. Yaani baada ya miongo mitano ya mikutano, vyeti vinavuka mpaka vizuri kuliko wakati wowote, ilhali watoto wengi wanashindwa hesabu. Pishi inakuambia ni mchele kiasi gani. Haikuambii kama una mawe.

Kuna pia swali la nani anasafiri. Ruzuku ya Erasmus mara nyingi haitoshi kulipa chumba katika miji ya gharama, na mwenye wazazi wa kuongezea ndiye anayekwenda. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 bajeti iliongezwa hadi euro bilioni 26 hivi, na wenye kipato kidogo wakawekewa nyongeza, lakini pengo halijazibika.

Tena ushirikiano wa hiari huvunjika kwa hiari. Uswisi ilitolewa katika Erasmus mwaka 2014 baada ya wananchi wake kupiga kura ya kubana uhamiaji. Uingereza ilijiondoa pamoja na Brexit, ikaanzisha mpango wake wa Turing mwaka 2021. Desemba 2022 Umoja ulizuia fedha mpya kwa vyuo vya Hungaria vilivyowekwa chini ya wakfu zilizosimamiwa na watu wa karibu na serikali. Fimbo ya sheria ya elimu haikuwapo, ikatumika fimbo ya hazina.

Sisi tuliotangulia

Afrika Mashariki ina ukumbusho wake katika habari hii, na ni wa zamani kuliko Erasmus. Mwaka 1963, miaka 24 kabla ya wanafunzi wale 3,244 kufunga mizigo, kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Kilikuwa chuo kimoja chenye matawi matatu. Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, Mtanganyika aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Hakuna aliyeuliza cheti kinatambuliwa wapi, maana kilitolewa na chuo kilekile.

Mwaka 1970 kikagawanyika, kwa kuwa kila nchi ilitaka chuo chake. Tulijenga nyumba moja kwa watu watatu, na kila mmoja alipotaka sebule yake nyumba ikavunjwa. Wazungu hawakuijaribu nyumba moja. Walibaki kila mtu kwake, wakakubaliana pishi, na makubaliano hayo yamestahimili misukosuko ambayo nyumba isingestahimili.

Nasi tumeanza upya kwa njia hiyo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limeandaa miongozo ya udhibiti wa ubora, likisaidiwa na Wajerumani kupitia shirika lao la DAAD, pamoja na mfumo wa sifa za elimu ya juu wa kanda. Tarehe 20 Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu.

Miongozo tunayo na tangazo tunalo. Tunachopaswa kuazima Ulaya sasa si fedha wala wataalamu, ni ile kanuni ya mkataba wa Lisbon: asiyekitambua cheti ndiye aeleze kwa nini. Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki walioko Arusha waifanye kuwa sheria. Nawe msomaji, siku cheti chako au cha mwanao kitakaporudishwa katika meza ya ofisi yoyote ya kanda hii, usiondoke mikono mitupu. Omba sababu, tena ziwe kwa maandishi.